Hisabati ya Maji Kupwa na Kujaa: Seti Maalumu katika Nafasi za Vekta

Mtu asimamaye ufukweni Mbezi Beach, kaskazini ya jiji la Dar es Salaam katika Wilaya ya Kinondoni, huona bahari ikirudi nyuma kwa saa kadhaa hadi mchanga ubaki wazi, kisha huiona ikirejea na kuufunika mchanga ule ule. Wavuvi wa pwani hii wayajua majira hayo tangu zamani. Wanayo majina ya siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, nayo ni maji ya bamvu, na ya siku ambazo tofauti hiyo huwa ndogo, nayo ni maji mafu.

Kwa mjenzi wa ukuta au mwenye chombo kilichofungwa pwani, kimo cha maji ni jambo la hasara au salama. Ufuo wa kuanzia Mbezi Beach hadi Kunduchi umekuwa ukimomonyoka kwa miongo kadhaa, na majengo yameharibiwa. Kwa hiyo swali lifuatalo lina uzito: mtu akipima kimo cha maji kwa saa chache alizozichagua, je, aweza kusema kwa uhakika kwamba katikati ya saa hizo maji hayatapita alama fulani?

Swali hili ni la bahari, lakini jibu lake limo katika tawi la hisabati lishughulikialo nafasi za vekta zenye topolojia. Katika tawi hilo ziko seti za namna maalumu: seti mbinuko, seti sawia, seti ya kumeza, seti yenye mipaka, na ile ambayo wanahisabati waliipa jina la pipa. Makusudi ya makala haya ni kuzieleza seti hizo kwa walimu na wanafunzi wa sekondari, kisha kulijibu swali.

GRAFU KAMA VEKTA

Mwanafunzi hujifunza kwamba vekta ni mshale wenye urefu na mwelekeo. Maelezo hayo ni sahihi, lakini ni mwanzo tu. Kwa mwanahisabati, vekta ni kitu chochote kiwezacho kujumlishwa na mwenziwe na kuzidishwa kwa namba, madhali kanuni za kawaida za kujumlisha na kuzidisha zinafuatwa. Mkusanyiko wa vitu hivyo huitwa nafasi ya vekta.

Tuchukue grafu ya maji ya siku moja. Mhimili wa kulala uonyeshe saa, kuanzia 0 hadi 24, na mhimili wa kusimama uonyeshe ni mita ngapi maji yamepanda juu ya kimo cha wastani au yameshuka chini yake. Grafu mbili za namna hiyo zaweza kujumlishwa, saa kwa saa. Grafu moja yaweza kuzidishwa kwa namba, mathalani 3 au -1. Basi grafu nzima ni vekta moja, na grafu zote zisizokatika za siku moja ni nafasi ya vekta. Sifuri ya nafasi hiyo ni mstari ulionyooka juu ya mhimili wa saa: bahari iliyotulia katika kimo cha wastani mchana kutwa na usiku kucha.

Kujumlisha huku si mchezo wa karatasi. Maji ya pwani ya Dar es Salaam hujaa mara mbili kwa siku. Sehemu kubwa ya mwendo huo hutokana na mvuto wa mwezi, na sehemu hiyo hurudia kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi. Sehemu ndogo zaidi hutokana na jua, nayo hurudia kila baada ya saa 12. Kwa mfano tuseme sehemu ya mwezi hupanda na kushuka mita 1.1 kutoka wastani, na ile ya jua mita 0.5. Karibu na siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu vekta hizo mbili hukubaliana: 1.1 na 0.5 ni 1.6, na kutoka maji makavu hadi maji makuu ni mita 3.2. Hilo ndilo bamvu. Karibu na siku za nusu mwezi hupingana: 1.1 kutoa 0.5 ni 0.6, na tofauti yote ni mita 1.2. Hayo ndiyo maji mafu. Mvuvi akitaja bamvu na mafu anataja jumla ya vekta mbili.

Vekta ya ubaoni huelezwa kwa namba mbili. Grafu ya maji, kinyume chake, haina ukomo wa namba za kuieleza, kwa kuwa katika kila nukta ya wakati maji yaweza kuwa na kimo chake. Nafasi hii ina dimensheni zisizo na ukomo, na hapo ndipo matata yanapoanza.

SETI MBINUKO

Jina la seti hii limetokana na kioo mbinuko cha somo la fizikia. Seti huitwa mbinuko ikiwa, kwa kila nukta mbili zilizomo, mstari ulionyooka unaoziunganisha umo wote ndani ya seti hiyo. Duara lililojazwa, pembetatu na mstatili ni mbinuko. Kiwanja chenye umbo la herufi L si mbinuko, maana kamba iliyovutwa kutoka ncha moja hadi nyingine hupita katika kiwanja cha jirani. Nchi kavu yenye ghuba pia si mbinuko: mtu aliye upande mmoja wa ghuba hawezi kumwendea mwenziwe aliye upande wa pili kwa mstari mnyoofu pasipo kuingia majini.

Maana hiyo hutumika vile vile kwa grafu. Mstari uunganishao grafu mbili ni wastani wao wa kila uzito: nusu kwa nusu, robo kwa robo tatu, na kadhalika. Seti ya grafu zote zisizopita mita 2 juu wala chini ya wastani ni mbinuko, maana wastani wa namba mbili zilizo kati ya -2 na 2 hauwezi kutoka nje ya hizo mbili.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne huikuta seti mbinuko katika mada ya programu ya mstari, aghalabu bila kuambiwa jina lake. Tuseme mfyatuaji matofali ya saruji ana mifuko 36 ya saruji kwa juma, na uwanja wake wa kukaushia hutosha matofali 1400. Mia moja za matofali manene huhitaji mifuko 3, na mia moja za membamba huhitaji mifuko 2. Faida ni shilingi 25,000 kwa kila mia ya manene na shilingi 20,000 kwa kila mia ya membamba. Tukiandika x kwa mamia ya manene na y kwa mamia ya membamba, masharti ni haya: 3x + 2y isizidi 36, x + y isizidi 14, na x na y zisipungue sifuri. Umbo linalopatikana lina pembe nne: (0,0), (12,0), (8,6) na (0,14). Faida katika pembe hizo ni 0, 300,000, 320,000 na 280,000. Basi afyatue 800 manene na 600 membamba.

Mwanafunzi ana haki ya kuuliza: kwa nini pembe zatosha, ilhali ndani ya umbo zimo nukta zisizohesabika? Sababu ni kwamba umbo ni mbinuko na lina pande zilizonyooka. Kila nukta iliyomo ni wastani wenye uzito wa pembe zake. Faida ya nukta hiyo ni wastani, kwa uzito ule ule, wa faida za pembe. Wastani hauwezi kuzidi kilicho kikubwa kuliko vyote. Kwa hiyo hakuna nukta iwezayo kuishinda pembe iliyo bora.

Umbinuko una manufaa mengine pia. Mtu aendaye pembe kwa pembe, akifika kwenye pembe inayozishinda jirani zake zote mbili, hana haja ya kuendelea: amefika kileleni. Kama umbo si mbinuko, uhakika huo hupotea. Pembe yaweza kuzishinda jirani zake na bado ikashindwa na pembe ya mbali. George Dantzig wa Marekani aliujenga utaratibu wake wa mwaka 1947 juu ya msingi huo wa kwenda pembe kwa pembe. Kabla yake, mwaka 1939, Leonid Kantorovich wa Urusi ya Kisovieti alikuwa amekwisha kuyachambua matatizo ya namna hii kwa ajili ya viwanda, na mwaka 1975 yeye na Tjalling Koopmans walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

SETI SAWIA NA SETI YA KUMEZA

Seti huitwa sawia ikiwa kila vekta iliyomo, ikizidishwa kwa namba yoyote kuanzia -1 hadi 1, hubaki ndani. Maana yake ni mbili kwa pamoja: vekta ikifupishwa haitoki, na ikigeuzwa kuelekea kinyume haitoki. Duara lenye kitovu katika sifuri ni sawia. Nyota ya pembe sita yenye kitovu hapo hapo ni sawia, ingawa si mbinuko. Nyota ya pembe tano si sawia, kwa kuwa ncha yake ikigeuzwa huangukia kwenye pengo lililo kati ya ncha mbili za upande wa pili. Kwa upande wa grafu, seti ya zile zisizoshuka kamwe chini ya wastani ni mbinuko lakini si sawia. Grafu iliyo juu ikigeuzwa huwa chini.

Seti ya kumeza ni ile ambayo hakuna vekta iwezayo kuikwepa daima. Vekta yoyote, hata iwe ndefu namna gani, ikigawanywa kwa namba kubwa ya kutosha, au kwa namba yoyote inayoizidi hiyo, huingia ndani ya seti. Duara lenye kitovu katika sifuri humeza kila vekta ya bapa, hata likiwa dogo kama punje ya mtama. Msalaba uliofanywa na vipande viwili vya mihimili haumezi kila vekta: vekta iendayo mshazari, hata ikigawanywa kwa milioni, haiwi juu ya mhimili.

Seti ya grafu zisizopita mita 2 ni ya kumeza. Grafu isiyokatika ya siku moja, kuanzia saa 0 hadi saa 24, lazima iwe na kilele chake. Gawanya kilele hicho kwa namba ya kutosha, na grafu nzima huingia.

UJIRANI WA SIFURI NA MIPAKA

Topolojia ni elimu ya ukaribu. Katika nafasi ya vekta yatosha kueleza ni seti zipi zinahesabiwa kuwa ujirani wa sifuri; ujirani wa vekta nyingine hupatikana kwa kuusogeza huo. Kwa grafu za maji, ziko njia mbili za kupima ukaribu.

Njia ya kwanza ni ya chombo kiandikacho bila kukoma usiku na mchana. Kwa njia hii grafu iko karibu na sifuri ikiwa kilele chake ni kidogo, yaani haipiti kiasi kidogo kilichowekwa katika saa yoyote.

Njia ya pili ni ya mpimaji aendaye ufukweni na kijiti chake kwa saa alizozichagua tu. Aweza kuchagua saa tatu, kumi au elfu, lakini idadi yake ina mwisho. Grafu iko karibu na sifuri, kwa mujibu wake, ikiwa katika saa hizo alizosoma kimo ni kidogo. Kuhusu saa nyingine hana neno.

Seti huitwa yenye mipaka ikiwa kila ujirani wa sifuri, ukikuzwa vya kutosha, huifunika yote. Kwa njia ya kwanza, seti ya grafu zisizopita mita 2 ni ujirani wa sifuri, na tena ina mipaka. Kwa njia ya pili mambo hugeuka. Chukua ujirani wowote wa mpimaji, hata wenye saa elfu. Kati ya saa mbili zinazofuatana yaweza kuchorwa grafu ambayo ni sifuri katika saa zote alizosoma, lakini hupanda mahali asiposoma. Grafu hiyo izidishwe kwa 10, kwa 1000, kwa milioni. Bado ni sifuri kijitini, na bado imo katika ujirani. Kwa hiyo katika njia ya pili hakuna ujirani wa sifuri wenye mipaka, hata mmoja.

Mwaka 1934 A. N. Kolmogorov alithibitisha kwamba nafasi ya vekta ambayo topolojia yake huzitenganisha nukta zake huweza kupimwa kwa rula moja ya urefu pale tu ambapo ina ujirani wa sifuri ulio mbinuko na wenye mipaka. Kwa hiyo hakuna rula moja iwezayo kuueleza ukaribu wa mpimaji wa kijiti.

PIPA

Sasa twaweza kukutanisha sifa hizo mahali pamoja. Seti iliyo mbinuko, iliyo sawia, ya kumeza, na tena funge, huitwa pipa. Seti ni funge ikiwa kila kilicho nje yake kina ujirani ulio nje wote. Jina hili lilitokana na wanahisabati wa Ufaransa walioandika pamoja kwa jina la Bourbaki, nao walilitumia katika kazi yao iliyotoka mwaka 1950.

Seti yetu ya grafu zisizopita mita 2 ni pipa, hata kwa macho ya mpimaji wa kijiti. Umbinuko, usawia na kumeza vimekwisha onyeshwa, navyo havitegemei njia ya kupima. Imebaki kuonyesha kwamba ni funge. Grafu iliyo nje yake hupita mita 2 katika saa fulani. Mpimaji akienda kusoma saa hiyo moja tu, ataona kwamba grafu hiyo, pamoja na zote zilizo karibu nayo kwa saa hiyo, zimepita alama. Basi seti ni funge.

Hata hivyo, kwa mpimaji huyo pipa hili si ujirani wa sifuri. Kila ujirani wake, kama ulivyoonekana, una grafu zipandazo bila kiasi kati ya saa alizosoma, na hizo haziwezi kuwa ndani ya pipa. Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo. Ziko nafasi ambazo ndani yake kila pipa ni ujirani wa sifuri, na ziko nafasi ambazo haliwi. Nafasi ya grafu kwa njia ya kwanza ni ya aina ile njema. Kwa njia ya pili si ya aina hiyo.

Wema huo una matunda. Stefan Banach na Hugo Steinhaus wa Poland walithibitisha mwaka 1927 kanuni ambayo leo hufafanuliwa kwa njia ya mapipa. Tuseme kuna vipimo vya mstari vingi, hata visivyo na ukomo wa idadi, kila kimoja kikiwa kitulivu, yaani hakiruki ghafla grafu ikibadilika kidogo. Ikiwa kwa kila grafu moja moja majibu ya vipimo hivyo vyote hayapiti kiasi fulani, basi, katika nafasi njema, kuna kiasi kimoja kwa grafu zote zenye kilele kisichozidi mita 1. Mahali ambapo pipa si ujirani, hitimisho hilo halina dhamana.

JIBU LA SWALI

Sasa mjenzi wa Mbezi Beach aweza kujibiwa. Ikiwa hajui lolote juu ya mwendo wa maji isipokuwa kwamba grafu haikatiki, basi vipimo vya saa chache, hata viwe elfu, havimpi mpaka wowote wa kimo cha maji kati ya saa hizo. Hilo si kosa la uvivu wa mpimaji. Ni tabia ya nafasi yenyewe.

Lakini bahari si grafu yoyote tu. Tukichukua wastani, sehemu ya mwezi na sehemu ya jua peke yake, grafu yote huelezwa kwa namba 5: moja ya kimo cha wastani, mbili za mwezi na mbili za jua. Tumetoka katika dimensheni zisizo na ukomo tukaingia katika dimensheni 5. Katika nafasi yenye dimensheni zenye mwisho, topolojia zote zinazotenganisha nukta na kuafikiana na kujumlisha na kuzidisha huwa ni moja: vipimo vichache vilivyochaguliwa vyema hutosha kuifahamu grafu nzima. Hiyo ndiyo siri ya majedwali ya maji yachapishwayo mapema kwa ajili ya mabaharia, na ya mashine za kubashiri maji zilizoanzishwa na William Thomson huko Uingereza katika miaka ya 1870. Majedwali hutumia sehemu nyingi zaidi ya mbili, lakini idadi yake ina mwisho.

Neno "vyema" si la kupamba. Mpimaji aendaye ufukweni kila siku saa sita mchana atakuta sehemu ya jua, ambayo hurudia kila saa 12, iko pale pale daima. Hata akipima mwaka mzima hataweza kuitenga na kimo cha wastani, wala kujua ukubwa wake. Mwenziwe apimaye kila saa kwa majuma mawili na ushei, tangu bamvu moja hadi lifuatalo, atazitenga vizuri sehemu zote. Tena ikumbukwe kwamba upepo na mawimbi huongeza kimo kisichotoka kwa mwezi wala jua; jedwali halikijui, na ukuta hauna budi kuachiwa nafasi kwa ajili yake.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "nipime mara ngapi?" mtu auulize kwanza: "ninachokipima kimo katika seti ipi?" Namba zile zile zaweza kuwa ushahidi kamili katika seti moja, na zisiwe ushahidi wowote katika nyingine.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Katika bapa, chora ukanda wa nukta zote ambazo y yake iko kati ya -1 na 1. Onyesha kwamba ni mbinuko, ni sawia na ni wa kumeza. Je, una mipaka?

2. Thibitisha kwamba sehemu iliyo ya pamoja kati ya seti mbili mbinuko nayo ni mbinuko. Je, muungano wao ni mbinuko daima? Toa mfano.

3. Katika mfano wa matofali, faida ya membamba ikipanda hadi shilingi 25,000 kwa mia, ni mipango ipi iliyo bora? Eleza kwa nini jibu si pembe moja peke yake.

4. Chora grafu isiyokatika ambayo ni sifuri katika saa 0, 6, 12, 18 na 24, lakini hufika mita 5 mahali fulani. Mpimaji asomaye saa hizo tano atasema nini juu ya siku hiyo?